Mchana mfupi wa Berlin na mjusi wa Tendaguru

Mjini Berlin, tarehe 21 Desemba, jua huchomoza saa 2:15 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Mchana mzima hauzidi saa saba na dakika 40. Mgeni aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa, ambako jua na saa ya Kiswahili huianza siku pamoja, huamka saa moja asubuhi akakuta bado ni usiku, na saa kumi alasiri akakuta taa za barabarani zimekwisha kuwaka.

Chanzo ni mahali mji ulipo: latitudo ya nyuzi 52.5 kaskazini mwa ikweta. Mwezi Desemba, hata adhuhuri, jua haliinuki zaidi ya nyuzi 14 hivi juu ya upeo wa macho, na siku nyingi halionekani kabisa kwa sababu ya mawingu. Mwanga unaofika mitaani ni wa kijivu, nao hudumu muda mfupi.

Kwa mtalii mwenye siku moja tu, ufupi huo ndio tatizo la kwanza, na wengi hulitatua kinyume. Wakiona baridi imezidi, hujificha ndani ya makumbusho tangu asubuhi. Wanapotoka, mji umezama gizani na hawajaona hata barabara moja. Makumbusho yana taa zake, kwa hiyo yanaweza kungoja. Mchana ni wa kutembea nje.

Mtalii Mtanzania ana jambo la ziada la kupangia. Berlin ndiyo iliyokuwa makao makuu ya dola iliyoitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi hadi Vita Kuu ya Kwanza. Baadhi ya yale yanayotazamwa mjini humo majira ya baridi yaliondolewa Afrika Mashariki, au yalipewa majina yake, na baadhi yake yangali yanabishaniwa.

Nguo kabla ya ramani

Wastani wa joto la Januari mjini Berlin unakaribia nyuzi sifuri za sentigredi. Baridi hiyo inavumilika ikiwa mtu amevaa kwa tabaka: fulana ya ndani, sweta, kisha koti zito la kuzuia upepo, pamoja na kofia, skafu, glavu na soksi za sufu. Viatu ndivyo vinavyoamua. Soli nyembamba huleta baridi ya sakafu hadi magotini, na barafu iliyoganda njiani huangusha hata wenyeji.

Anayetarajia theluji ya kadi za Krismasi huenda akaambulia manyunyu. Theluji huanguka, lakini mara nyingi huyeyuka upesi ikawa tope.

Kwa Mwislamu, ratiba ya swala hubana pia. Katikati ya Desemba, adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia ndani ya muda wa saa nne hivi, na matembezi yapangwe kwa kulijua hilo. Chakula si tabu: vibanda vya kebabu vya Waturuki vimeenea kila mtaa. Soseji maarufu ya Berlin inayomwagiwa mchuzi wa bizari, currywurst, kwa kawaida ni ya nguruwe. Katika masoko ya Krismasi, yanayofunguliwa kuanzia mwishoni mwa Novemba, kinywaji cha moto kinachonukia karafuu na mdalasini aghalabu ni mvinyo. Asiyetaka pombe huagiza Kinderpunsch, kinachotengenezwa kwa juisi ya matunda.

Hadithi ya Mswahili kukutana na majira ya baridi ya Berlin si mpya. Mwaka 1887 mji huo ulifungua Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo. Amur bin Nasur alifundisha hapo kati ya mwaka 1891 na 1895, akaandika habari za mji alioukuta. Maandishi yake yamo katika mkusanyiko wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901. Baada yake alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka Bagamoyo, ambaye kazi yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu *Desturi za Waswahili* cha mwaka 1903. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Basi namba 100

Njia rahisi ya kuuona mji mchana ni basi la kawaida la abiria, namba 100, litokalo kituo cha Zoologischer Garten hadi Alexanderplatz. Lilianza Novemba 1990, wiki chache baada ya Ujerumani mbili kuungana, likawa kiungo cha Berlin Magharibi na Mashariki. Hupita penye vitu ambavyo mabasi ya watalii hulipisha bei ya juu kuvionyesha, na tiketi yake ni ile ile ya treni.

Upande wa magharibi basi hupita kandokando ya msitu wa Tiergarten, ambao majira ya baridi husimama bila jani, na kuizunguka nguzo ya ushindi yenye urefu wa mita 67. Kisha hufika Bunge, Reichstag. Kuba lake la kioo, kazi ya msanifu Norman Foster, lilifunguliwa mwaka 1999. Kulipanda ni bure, lakini ni lazima kujiandikisha mapema; anayefika bila kujiandikisha hupanga foleni kwenye upepo.

Hatua chache kutoka hapo ni Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya mwaka 1788 na 1791. Juu yake limesimama gari la farasi wanne likiendeshwa na sanamu ya mwanamke mwenye mabawa. Mwaka 1806 Napoleon alipoiteka Berlin aliliteremsha gari hilo na kulipeleka Paris kama ngawira. Lilirudishwa mwaka 1814, baada ya Napoleon kushindwa, na wakazi wa Berlin wakalipokea kwa shangwe.

Vitabu vya watalii hukitaja kisa hicho kwa sentensi moja. Kinastahili zaidi, kwa kuwa kinaonyesha kwamba mji huu, ambao leo unadaiwa mali za watu wengine, ulipata kuporwa na kurudishiwa mali yake, na unakikumbuka kisa hicho kama haki iliyotendeka.

> Gari la farasi wanne juu ya Lango la Brandenburg lilikaa Paris miaka minane. Hakuna Mjerumani aliyesema lingebaki huko kwa sababu lilitunzwa vizuri.

Barabara ya Wilhelm

Kusini mashariki mwa lango, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ipo Wilhelmstraße. Katika nambari 77 palikuwa na makao ya Chansela Otto von Bismarck. Humo, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikutana kuafikiana kanuni za biashara na za kujitwalia ardhi barani Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeitwa.

Siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari, Kaiser Wilhelm wa Kwanza aliipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, kwa kutegemea mikataba ambayo Peters alikuwa amewatilisha sahihi machifu wa bara miezi michache kabla. Koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilianzia kwenye karatasi hizo. Baadaye wenyeji walimbandika Peters jina la Mkono wa Damu.

Jengo lenyewe halipo tena. Kilichobaki ni kibao cha kumbukumbu kando ya barabara, karibu na nambari 92, katikati ya majengo ya kawaida ya makazi. Mtu asiyekitafuta hupita bila kukiona. Umati wa watalii hujaa upande wa pili, kwenye nguzo 2,711 za saruji za ukumbusho wa Wayahudi waliouawa na Wanazi, uliofunguliwa mwaka 2005. Tofauti ya ukubwa wa kumbukumbu hizi mbili hutajwa sana na wanaharakati wa Kiafrika mjini humo.

Majina ya mitaa

Kituo cha Unter den Linden kina treni ya chini ya ardhi, U6, inayokwenda kaskazini hadi mtaa wa Wedding. Anayeshuka Rehberge au Afrikanische Straße hujikuta katika Mtaa wa Kiafrika. Vibao vinasomeka Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Barabara za kwanza, Togostraße na Kameruner Straße, zilipewa majina mwaka 1899, makoloni yalipokuwa fahari ya dola.

Hapa mgogoro wa majina ulidumu miaka mingi. Mwaka 1939, chini ya Wanazi, barabara moja ilipewa jina la Carl Peters: Petersallee. Lawama zilipozidi, mwaka 1986 wakuu wa Berlin Magharibi walitafuta njia ya mkato. Jina liliachwa vilevile, ila ikatangazwa kwamba sasa linamheshimu Hans Peters, mwanasheria aliyepinga Unazi. Vibao havikubadilika ila kwa maelezo madogo.

Wakazi na wenye maduka waliopinga mabadiliko walikuwa na hoja zao. Kubadili jina la barabara hulazimu kubadili vitambulisho, barua na nyaraka za biashara, na wengine walisema historia haifutwi kwa kung'oa kibao. Upande wa pili, vyama vya Waafrika na Wajerumani weusi vilijibu kwamba jina la barabara ni heshima, na heshima inaweza kuondolewa. Kesi na mapingamizi vilichelewesha uamuzi wa madiwani kwa miaka.

Desemba 2022, uwanja wa Nachtigalplatz ukawa Manga-Bell-Platz, kwa jina la mfalme wa Waduala aliyenyongwa na Wajerumani huko Kamerun mwaka 1914. Agosti 2024, Petersallee ikagawanywa vipande viwili: Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la Mnamibia aliyeuawa katika maandamano ya Windhoek mwaka 1959, na Maji-Maji-Allee. Kusini mwa mji, mtaani Neukölln, barabara ya Hermann von Wissmann, aliyevunja upinzani wa Abushiri bin Salim kule pwani, ilikwisha kupewa jina la mwanasiasa wa TANU, Lucy Lameck, mwaka 2021.

Mtaa huu hauna jengo la kushangaza. Ni nyumba za ghorofa, miti na magari yaliyoegeshwa. Unafaa kuonwa kukiwa na mwanga kwa sababu moja tu: kinachotazamwa ni vibao, na vibao havisomeki gizani.

Ukumbi wa Tendaguru

Giza linapoingia, U6 ile ile hurudi kusini hadi kituo cha Naturkundemuseum, karibu na Makumbusho ya Historia ya Asili. Jengo lake katika Invalidenstraße lilifunguliwa mwaka 1889. Mgeni huacha koti na begi mapokezi, huvuka mlango, na ukumbi wa kwanza kabisa ndio wa Tendaguru.

Katikati amesimama Giraffatitan, dinosaria mla majani mwenye kimo cha mita 13.27, aliyeishi miaka milioni 150 iliyopita. Kumbukumbu za Guinness humtambua kuwa kiunzi kirefu kuliko vyote vilivyosimamishwa duniani. Pembeni yake wapo wengine kutoka machimbo hayo hayo: Dicraeosaurus, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dysalotosaurus, Elaphrosaurus. Miongoni mwa wageni wamo watoto wa shule wa Berlin, na kwao mjusi huyu ni wa nyumbani.

Kilima cha Tendaguru kiko Lindi, kaskazini magharibi mwa mji huo. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa ukiwa umejitokeza juu ya ardhi. Mtaalamu wa visukuku Eberhard Fraas alifika mwaka uliofuata, na kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck. Utawala wa kikoloni uliitangaza ardhi hiyo kuwa mali ya serikali, na hivyo kilichotoka ndani yake kikahesabiwa kuwa cha Ujerumani.

Tarehe hizo zina uzito wake. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, kusini hiyo hiyo. Jeshi la kikoloni lilichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo vyote hufikia 300,000. Uchimbaji ulianza miaka miwili tu baadaye, miongoni mwa watu waliotoka kuzika jamaa zao na waliohitaji fedha za kumlipa Mdachi kodi.

Kazi iliposhika kasi iliajiri watu wapatao 500. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyeaminiwa kuifukua na kuitengeneza mifupa iliyo dhaifu. Zaidi ya tani 200 zilifungwa kwa udongo, plasta na mianzi, zikabebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne hivi. Hakukuwa na wanyama wa kubeba mizigo wala reli. Mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya msimamizi huyo. Ilichukua karibu karne nzima.

Kiunzi kilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Wakati wa Vita vya Pili kilifunguliwa na kufichwa, na mabomu ya mwaka 1945 yakabomoa ubawa wa mashariki wa jengo. Mkao wa sasa, wenye miguu ya mbele iliyonyooka, ni wa mwaka 2007. Si kila kipande ni mfupa halisi: fuvu lililo juu ya shingo ni la kuigiza, kadhalika pingili za shingo na mgongo, kwa kuwa zile halisi ni nzito na hukatika kwa urahisi.

> Mifupa ilisafiri kutoka Tendaguru hadi Lindi juu ya vichwa vya watu, siku nne kwa miguu.

Arudi au abaki?

Wito wa kumrudisha mjusi umetolewa mara nyingi nchini Tanzania, bungeni na hasa kutoka mikoa ya kusini. Hoja ya kwanza ni ya haki: mali iliyotoka chini ya utawala wa mabavu haiwezi kuhalalishwa na sheria ya utawala huo huo. Ya pili ni ya mapato: Lindi haina mbuga kama Serengeti wala mlima kama Kilimanjaro, na kivutio kimoja cha namna hii kingeugeuza mkoa. Ya tatu husikika kidogo lakini ni nzito. Mtoto wa Lindi anayetaka kumwona mjusi wa Lindi anahitaji nauli ya ndege na viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na kwa mtoto wa miaka sita hadi 11 ni nusu ya hiyo. Na ada hairudishwi viza ikinyimwa.

Serikali ya Tanzania haikuzifuata hoja hizo hadi mwisho. Mei 2018, waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Augustine Mahiga, akiwa na mwenzake wa Ujerumani, Heiko Maas, alisema Tanzania haidai mjusi arudishwe. Ilichotaka ni ushirikiano: utafiti zaidi Tendaguru, mafunzo kwa wataalamu wake na msaada wa kuendeleza eneo. Gharama za kusafirisha, kujenga ukumbi na kuitunza mifupa zilitajwa kuwa kikwazo.

Makumbusho ya Berlin nayo husisitiza udhaifu wa mifupa na umuhimu wa mkusanyiko kubaki pamoja kwa ajili ya sayansi. Hoja ya udhaifu ina ukweli, lakini haikuwazuia wapagazi wa mwaka 1910. Hoja ya gharama nayo ina mapungufu: mwaka 2018 huo huo serikali kuu ya Ujerumani na jimbo la Berlin ziliidhinisha euro milioni 660 za kuyaendeleza makumbusho haya. Fedha za visukuku zipo, ila zimeelekezwa upande mmoja.

Hati ya umiliki

Mjadala huu huelezwa kama njia panda yenye njia mbili tu, kurudi au kubaki. Mfano wa Nigeria unaonyesha njia ya tatu. Mwaka 2022 Ujerumani iliihamishia Nigeria umiliki wa sanaa za shaba za ufalme wa Benin zilizokuwa Berlin, vitu zaidi ya 500. Baadhi vilipelekwa Abuja mwezi Desemba mwaka huo. Theluthi hivi vilibaki Berlin kwa mkopo wa miaka kumi kutoka kwa mwenyewe, yaani Nigeria. Mfano huo ukihamishiwa Tendaguru, mjusi angeweza kusimama alipo huku Tanzania ikiwa mmiliki, ikitoza ada, na ikikubali au ikikataa kila nakala na kila utafiti. Mpango wa namna hiyo haugusi mfupa hata mmoja, hivyo kikwazo cha udhaifu hakiuhusu.

Baadhi ya shaba zilizobaki zinaonyeshwa Humboldt Forum, jumba lililojengwa upya kwa sura ya ikulu ya wafalme wa Prussia upande wa mashariki wa Unter den Linden. Mwishoni mwa mwaka 2024 ulifunguliwa humo ukumbi wa maonyesho kuhusu historia ya Tanzania, uliotayarishwa kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Makusanyo ya Berlin yana vitu zaidi ya 10,000 kutoka Tanzania, na vingi havijawahi kuonyeshwa hadharani.

Kuna pia yale yasiyoonyeshwa kamwe. Taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali ilirithi mafuvu yaliyokusanywa zama za ukoloni. Uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki ulibaini 904 ya Rwanda, 202 ya Tanzania na 22 ya Kenya. Septemba 2023, vipimo vya vinasaba vilipata jamaa walio hai wa watu watatu, wote kutoka Kilimanjaro. Mmoja alikuwa akida wa Mangi Meli, chifu ambaye Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Miezi miwili baadaye Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea na kuomba msamaha kwa Maji Maji, na Rais Samia Suluhu Hassan akasema Tanzania iko tayari kwa mazungumzo.

Mwenye siku moja tu hawezi kuona kumbi zote mbili. Makumbusho ya Historia ya Asili hufungwa saa 12 jioni na hayafunguliwi Jumatatu. Humboldt Forum hufungwa saa 12:30 jioni na haifunguliwi Jumanne. Anayelala mjini aianze siku ya pili kwa Humboldt Forum inapofunguliwa saa 4:30 asubuhi, kisha aende kwa miguu hadi Brunnenstraße nambari 193. Hapo, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kimepachikwa kibamba kidogo cha shaba chenye jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, askari mtoto wa Vita Kuu ya Kwanza na mhudumu wa mikahawa ya Berlin, aliyefia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.